Bwawa Halihesabu Vichwa, Linahesabu Kilo

Kila minada ya korosho ikikaribia kuisha, simu yangu huanza kuita. Mmoja yuko Masasi, mwingine Newala, swali ni lile lile: "Bwana shamba, nimepata hela kidogo, nimechimba bwawa. Niweke vifaranga elfu moja au elfu mbili?"

Leo nalijibu hadharani, na najua wengi hamtalipenda jibu langu: weka wachache kuliko unavyotaka, na bwawa la kwanza usichanganye sato na kambale. Nasema hivi kwa sababu kosa hili na mimi nilishiriki.

Misimu miwili iliyopita kijana mmoja wa Newala, simtaji jina, alichimba bwawa la mita 10 kwa 5, kina mita 1, akatandika nailoni. Hela yote ilitoka kwenye mikorosho aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mwezi wa pili akaweka vifaranga 1,000 vya sato. Rafiki yake akamletea na kambale 40 kutoka bondeni, akawatia humo humo. Mwezi wa tatu nikamtembelea. Nikapiga picha, nikampongeza, nikaandika kwenye ripoti "vifaranga 1,000", maana namba kubwa inapendeza kwenye ripoti. Sikumuuliza maji ya kubadilisha atayatoa wapi.

Mwezi wa saba, saa 12 asubuhi, akanipigia sauti inatetemeka: "Bwana shamba, wamenitilia sumu." Jana yake jirani alikuwa amepuliza salfa kwenye mikorosho, na upepo ulielekea kwake. Nilipofika, ndugu wa pande zote mbili walishakusanyika na maneno yalikuwa makali.

Tukawaopoa sato waliokufa, tukahesabu. Hawakufika 600, tena wa kiganja tu, gramu 50 hivi. Maji yalikuwa ya kijani mazito. Lakini kambale walikuwa hai, wamenona. Hapo nikawaambia wazee: jirani hahusiki, samaki wamekosa hewa.

Ngoja nieleze. Sato anategemea oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Kambale ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi. Mchana ule ukijani wa maji hutengeneza oksijeni, lakini usiku nao unaitumia, sawa na samaki. Kwa hiyo karibu na alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Bwawa likijaa samaki, kinyesi na mabaki ya chakula, kuna siku haliwezi kufika asubuhi. Na wale sato karibu 400 ambao hatukuwaona? Mmeshajua walikoishia. Kambale anakula kila kinachoingia mdomoni mwake.

Sisemi salfa iachwe iingie bwawani. Hapana, elewana na jirani, akupe taarifa kabla ya kupuliza. Ila siku ile yule mzee alikuwa anasingiziwa. Kijana alimuomba msamaha. Mimi nilipaswa kuwaomba msamaha wote wawili.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi tunapopotea. Kila bwawa lina uzito wake wa kubeba. Tuseme la mita za mraba 50, lisilo na pampu ya hewa, linabeba kilo 50 za samaki. Ukiweka sato 200, wanaweza kufika gramu 250 kila mmoja. Kilo 50. Ukiweka 1,000, watagota kwenye gramu 50. Kilo 50 zile zile! Tofauti ni kwamba umenunua vifaranga mara tano, chakula kingi kimeishia kuwaweka hai badala ya kuwakuza, na sokoni unauza dagaa wenye miiba. Mteja wa Masasi mjini anataka samaki wa kujaa sahani.

Jambo hili sisi wa huku tunalijua tangu utoto, tunasahau tu tukifika kwenye maji. Mkorosho tunaupa mita 12 kwa 12. Miti ikigusana tunapunguzia, kwa sababu matawi yanayokosa mwanga hayazai. Mbona hakuna anayebishia hilo? Samaki naye anataka nafasi yake, ila aliyebanana humuoni mpaka amekufa.

Najua mtaniambia: "Lakini kwenye video nimeona mtu anaweka 20 kwa mita moja." Sawa. Tazama tena ile video. Ana pampu ya hewa inayozunguka usiku kucha, au maji yanaingia na kutoka muda wote. Wewe uko juu ya uwanda wa Makonde. Maji ya mradi wa Makonde yanasukumwa kutoka Mitema bondeni ndipo yatufikie. Mchanga wetu haushiki maji, ndiyo maana tunatandika nailoni. Bwawa la kijana yule lilibeba lita 50,000. Kubadilisha robo tu ni lita 12,500. Kama unanunua kwa boza, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua idadi ya vifaranga, anza kwa kujiuliza: wiki ambayo maji yamekatika, nitafanya nini?

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Sato, weka 3 kwa mita moja ya mraba, basi. Mita 50 ni samaki 150. Nunua madume watupu, wauzaji wanawaita monoseksi. Ukichanganya dume na jike, wataanza kuzaana wakiwa bado wadogo, na baada ya miezi michache bwawa ulilolipanga vizuri linakuwa limejazana bila wewe kununua hata kifaranga kimoja. Muuzaji atakushawishi uongeze, biashara yake ni kuuza vifaranga. Yako ni kuuza samaki.

Ukitaka kambale, mpe bwawa lake. Anavumilia kubanana kuliko sato, lakini anataka chakula chenye protini nyingi, na lazima uwatenganishe wakubwa na wadogo mara kwa mara, la sivyo watakulana wenyewe. Kuwachanganya na sato kuna faida yake, kambale wanapunguza watoto wa sato wanaozaliwa ovyo. Lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyeshavuna angalau mara moja. Sato watangulie wakue kwanza, kambale waingie wakiwa wadogo kuliko sato, na wasizidi mmoja kwa kila sato kumi. Wale 40 wa kijana yule hawakufika hata mmoja kwa ishirini. Tatizo waliingia wakubwa, sato wakiwa vifaranga.

Na wale mnaotaka kuokota perege mtoni kuongezea sato wa kununua, acheni. Hujui umri, jinsia wala ugonjwa wake, na sato wa Nile huzaana na perege wa asili. Hapo jirani zetu Lindi, Ziwa Rutamba, watafiti wamekuta mchanganyiko huo tayari. Sato wako wasitoroke kwenda Ruvuma, na perege wa Ruvuma wasije kwako.

Kila siku amka saa 11 alfajiri, nenda bwawani na tochi. Ukiwaona sato juu wanahema kwa midomo, usiwape chakula siku hiyo. Punguza maji ya chini, ongeza mapya. Kama ni ya bomba yenye dawa, yaache yatulie kwenye tangi siku moja au mbili kabla. Mchana ingiza mkono taratibu: kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijagusa maji, ukijani umezidi. Acha mbolea, vua wengine uuze au mle nyumbani.

Kwetu maafisa nina neno moja. Tuache kuandika idadi ya vifaranga kama mafanikio. Tuandike kilo zilizovunwa. Ningefanya hivyo mapema, yule kijana asingempoteza rafiki wa baba yake kwa asubuhi nzima.

Leo ana sato 150 kwenye bwawa lile lile. Ukipita huwaoni, maji yanaonekana kama matupu. Wapita njia wanamcheka. Mimi nimemwambia awaache wacheke mpaka siku ya mizani.