Bunduki bora hupimwa kwa kazi, si kwa karatasi

Swali la iwapo bunduki moja yaweza kutosha kwa uwindaji, safari na ulinzi limewashughulisha wajuzi wa silaha kwa miaka mingi. Tajriba ya Kanada yaonyesha kwamba jibu hutegemea mbebaji na mahali aendapo.

Katika miaka ya 1980, mkufunzi wa Marekani Jeff Cooper, aliyefariki 2006, alipendekeza kile alichokiita bunduki ya skauti. Urefu wake usizidi mita 1, uzito uwe kilo 3 au usipite kilo 3.5, nayo iwe na darubini ndogo iliyowekwa mbele, juu ya mtutu. Kampuni ya Steyr ya Austria ilianza kuiuza mwaka wa 1998.

Vipimo hivyo vina mantiki. Anayetembea kutwa hulemewa na kila gramu, na darubini iliyo mbali na jicho humwezesha kuona yanayotokea kandokando.

Hata hivyo, Kanada ilifuata njia nyingine. Askari wa akiba wa Canadian Rangers, wapatao 5,000 na miongoni mwao Wainuit wengi, walitumia Lee-Enfield tangu kikosi chao kilipoundwa 1947. Bunduki hiyo kongwe haikuondolewa kwa udhaifu, bali vipuri vyake viliadimika. Kuanzia 2018 walikabidhiwa C-19, iliyobuniwa na kampuni ya Sako ya Ufini na kuundwa Kanada.

C-19 yazidi uzito aliouweka Cooper, wala haikuja na darubini. Hulengwa kwa vyuma, ambavyo huvumilia mishtuko na barafu kuliko vioo. Sharti kuu lilikuwa ifyatue hata baridi ikifika nyuzi 51 chini ya sufuri. Mbele ya dubu wa barafuni, bunduki iliyoganda haina tofauti na fimbo.

Hata hivyo, dosari hazikukosekana. Baadhi ya vitako vyake vya mbao vilipatikana na nyufa, na baadaye ikabainika kuwa rangi yake nyekundu huchuja ikilowa. Hitilafu haikuwa katika shabaha wala nguvu ya risasi, bali katika kitu ambacho wanunuzi wachache hukiulizia.

Yeyote anayetathmini silaha hana budi kuwauliza kwanza watakaoibeba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.