KONA YA KOMPYUTA: Nukta moja tu, na asiye na deni anatozwa faini

Mwanafunzi anayeanza COBOL hufurahi mapema. Lugha hii ilianza kubuniwa Marekani mwaka 1959, ikichota mengi katika kazi ya Grace Hopper, ofisa wa jeshi la majini, na nia ilikuwa programu isomeke karibu kama barua ya kawaida. IF ni "kama", ELSE ni "la sivyo", na sentensi hufungwa kwa nukta. Basi ugumu uko wapi? Uko kwenye hiyo nukta.

Tuchukue hesabu za karo. Shule inataka jina la kila mwenye deni litokee kwenye kioo, kisha atozwe faini ya shilingi 500. Mwanafunzi wetu anaandika:

IF DENI > 0
    DISPLAY JINA.
    ADD 500 TO DENI.

Mistari miwili ya chini imesogezwa ndani pamoja, kwa hiyo jicho linaamini kwamba yote iko chini ya sharti. Kompyuta haijali mistari imesogezwa vipi. Inatazama nukta. Ile iliyo baada ya JINA imekwisha kulifunga sharti, na amri ya kuongeza 500 imebaki nje, ikimngoja kila apitaye. Mzazi aliyemaliza karo yote, deni lake sufuri, naye anaandikiwa kwamba anadaiwa shilingi 500. Programu haitakataa kufanya kazi, maana sarufi yake ni sahihi kabisa. Mzazi akifika ofisini na risiti mkononi, ataambiwa kompyuta ndiyo iliyosema hivyo! (Kompyuta, maskini, imefanya ilivyoagizwa.)

Dawa ni kuziondoa nukta za katikati na kulifunga sharti kwa END-IF:

IF DENI > 0
    DISPLAY JINA
    ADD 500 TO DENI
END-IF.

END-IF iliingia katika kanuni rasmi za lugha hii mwaka 1985. Programu za kabla ya hapo zilitegemea nukta, na si zote zilizostaafu. Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitolee, kwa kuwa mitambo ya zamani ya kuwalipa waliopoteza kazi ilikuwa imelemewa na maombi. Kijana anayejifunza kusoma programu za aina hiyo hapotezi wakati wake.

Mtego wa pili ni mjanja zaidi, kwa sababu hata Kiswahili chetu kinausamehe. Mwalimu mkuu anasema: "Asiyekuwa wa kidato cha 1 au cha 2 alipe ada ya mtihani." Sote tumemwelewa. Mwanafunzi anaandika:

IF KIDATO NOT = 1 OR 2

Kompyuta inasoma hivi: kidato si 1, au kidato si 2. Mtoto wa kidato cha 1 si wa cha 2, kwa hiyo sharti limetimia. Wa kidato cha 2 naye si wa cha 1, limetimia tena. Shule nzima inalipa! Weka AND mahali pa OR, na watoto wa vidato hivyo viwili watapona.

Mwenye kompyuta nyumbani anaweza kuyajaribu haya kwa GnuCOBOL, ambayo hutolewa bure. Zoezi la Jumapili hii ni hili:

EVALUATE TRUE
    WHEN ALAMA >= 40 DISPLAY "AMEPITA"
    WHEN ALAMA >= 80 DISPLAY "BORA SANA"
    WHEN OTHER DISPLAY "ARUDIE"
END-EVALUATE.

EVALUATE huanzia juu, hushika sharti la kwanza lililo kweli na kuyaacha mengine yote. Je, msichana aliyepata alama 85 ataandikiwa nini? Jibu kwa karatasi na kalamu kwanza, kisha ipange upya mistari hiyo ili apate haki yake.