"Nzuri" Haikutoka kwa Farao

Jioni moja hapa Makerere mwenzangu alichukua chaki akaandika ubaoni herufi tatu: n-f-r. Hilo, akasema, ni neno la Misri ya kale, nefer, lenye maana ya uzuri na wema kwa pamoja; limo katika jina la malkia Nefertiti, yaani "mrembo amekuja". Chini yake akaandika n-z-r: nzuri. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Maana aliyoitoa ni sahihi. Lakini ile n ya "nzuri" ni kiambishi cha ngeli tu. Sema kitu kizuri, watu wazuri, mahali pazuri: n imekwenda wapi? Mzizi ni -zuri. Na hiyo "nefer" yenyewe, Wamisri hawakuandika irabu. Zile e mbili wamezitia wataalamu ili neno litamkike. Isitoshe, Kimisri ni ndugu wa Kiarabu, Kihausa na Kisomali. Kiswahili na Kiganda ni lugha za Kibantu.

"Mbona basi maana zinafanana?" Kwa sababu watu wengi duniani wameliona jambo hilo hilo. Wagiriki wa kale walikuwa na kalos. Waganda wana -lungi: omuwala omulungi ni msichana mrembo, au mwema, au yote mawili, mpaka usikie habari zaidi. Na bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kusafisha visima na kutengeneza barabara, ni uzuri wa nchi na wema wake kwa mara moja. Anayezibua mtaro haulizi ni upi kati ya hiyo miwili.

Kinachonikera si sarufi. Mwaka 1862 John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa, akakuta ufalme uliopangika. Katika kitabu chake cha 1863 akadai kwamba watawala wa nchi hizi asili yao ni Uhabeshi. Hakukubali kuwa mambo yale yangeweza kubuniwa na wenyeji. Yeye alisema Uhabeshi, sisi tunasema Misri, kisha tunajiita wakombozi wa historia!

Nilimwuliza mwenzangu kama amewahi kukaa na jaja wake amweleze matumizi yote ya -lungi. Akasema bado. Video za mapiramidi, hizo ametazama nyingi.