Lubondja: tugeuze jani kwanza, kabla ya kununua sumu

Jua linapokaza na mvua kukatika, bustani za mboga hapa Lubondja, katika sekta ya Ngandja, wilayani Fizi, zinapata mgeni yuleyule. Majani ya maharagi yanajikunja, yananata kama yamepakwa asali, na sisimizi wanapanda na kushuka. Wengi wetu tunasema ni ugonjwa, tunakimbia sokoni kununua dawa iliyomiminwa katika chupa ndogo isiyo na jina wala maelezo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapojiumiza.

Geuza jani kwanza. Chini yake utakuta vidukari: wadudu laini, wadogo kama kichwa cha pini, wamekaa kwa kundi wakifyonza maji ya mmea. Kwenye maharagi mara nyingi ni weusi. Kwenye kabichi ni wa kijivu kama wamepakwa unga. Jike anazaa bila dume, na baada ya siku chache watoto wake nao wanazaa. Sisimizi hawali jani: wanafuata utamu unaotoka kwa vidukari, na wanawalinda.

Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au kata ncha iliyoshikwa. Wakizidi, changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika litre moja ya maji, unyunyize jioni chini ya majani, na urudie baada ya siku chache, kwa sababu sabuni inaua wale tu inaowagusa.

Sumu ya sokoni inaua pia yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari. Yeye akifa, vidukari wanarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Tena lengalenga iliyopigwa dawa jana, leo iko ndani ya chungu, watoto wanakula.

Kwa karanga jambo ni zito zaidi. Vidukari wanabeba virusi vinavyofanya mmea udumae na majani kuwa ya manjano. Mmea ulioshikwa hauponi kwa dawa yoyote, ung'olewe mapema. Kupanda mapema na kwa kubanana kunasaidia.

Kuna atakayesema sabuni haitoshi kwa shamba kubwa. Ni kweli. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo wa serikali wasibaki Fizi na Baraka tu. Wafike hadi kwenye bustani zetu, na viongozi wasimamie chupa hizo zinazouzwa bila maelezo. Nchi ina sheria ya kilimo tangu Desemba 2011. Mkulima wa Lubondja naye aone faida yake.

Kwa familia iliyokimbia vita na kurudi, bustani ya nyuma ya nyumba mara nyingi ndiyo shamba pekee inalolima bila woga. Tusiitie sumu kwa kukosa kugeuza jani.