Moshi wa gari nao una sarufi yake

Apitaye kwenye gereji za jua kali baina ya Ruiru na Thika bado huweza kuliona gari kuukuu la Volkswagen Beetle, lile lenye umbo la kobe, likifuka moshi nyuma huku watu wakibishana kando yake. Aghalabu hukumu hutangulia uchunguzi: injini imekufa, ifunguliwe! Mwenye gari, pengine mwalimu mstaafu, hulipa maelfu ya shilingi kutibu maradhi ambayo huenda hayakuwapo.

Nadai kwamba kosa hili, kabla ya kuwa la ufundi, ni la lugha. Moshi ni ishara, na ishara haifasiriki pasi na muktadha wake. Neno "kaa" likisimama peke yake halijulikani kama ni la moto, ni yule wa pwani, au ni amri ya kuketi. Vivyo hivyo, kusema kwamba gari linatoa moshi ni kuikata kauli katikati. Moshi wa rangi gani? Hutoka wakati gani?

Kuhusu rangi, mazoea yetu ya kusema hutuponza. Moshi wa buluu, ambao ndio dalili ya oili inayoungua, wengi huuita mweupe. Mweusi ni wa petroli iliyozidi: choki ya kabureta imekwama, au kichujio cha hewa kimeziba. Ama huo mweupe, fundi aliyezoea magari ya siku hizi atasema maji yameingia kwenye silinda. Maji yapi? Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa ya feni, ikisaidiwa na oili yake, lita mbili na nusu tu. Weupe wa asubuhi ya baridi ya Julai ni unyevu, nao hutoweka eksozi ikipata joto.

Wakati ndio wenye habari nyingi zaidi. Silinda za injini hii zimelala ubavu. Gari likiegeshwa usiku kucha, hasa kwenye mteremko, oili kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni. Asubuhi litafuka buluu kwa muda mfupi, kisha basi. Hiyo ni tabia yake. Likifuka unapokanyaga mafuta tena baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa juu, shuku miongozo ya vali. Likifuka mfululizo linapopanda na mzigo, shuku ringi au silinda zilizolika. Fundi stadi hupima mgandamizo wa kila silinda, hutia oili kidogo, kisha hupima tena. Ukipanda sana, ringi ndizo mshukiwa, ingawa katika silinda zilizolala oili hukusanyika upande wa chini, hivyo asihukumu kwa kipimo kimoja. Kuna pia moshi wa uongo: oili ivujayo kwenye mirija iliyo chini ya silinda hudondokea eksozi yenye moto, harufu ikajaa garini, ilhali pistoni ni nzima.

Kijana wa chuo cha ufundi husomeshwa na kutahiniwa haya kwa Kiingereza. Akifika gereji hukuta Kiswahili, Kikuyu na Sheng, na elimu yake inakosa ulimi. Kunradhi, wanaokidharau kigari hiki kwa kuwa cha mwisho kiliundwa Mexico mwaka 2003: ni injini gani nyingine ambayo mwanafunzi aweza kuielewa kwa macho na pua? Tena Thika ni mji wenye kiwanda cha kuunganisha magari, ambako Volkswagen ilirejea mwaka 2016 na Polo Vivo.

Mwalimu wa Kiswahili aweza kuanza muhula huu. Alipeleke darasa kwenye gereji iliyo jirani, kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kuhusu moshi mmoja: rangi yake, saa yake na muda wake. Kisha kalamu nyekundu apewe fundi.