Ujuzi wa nje hautoki ng'ambo pekee

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 2016, Rwanda ilipoanza kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, mgeni alikuwa kampuni ya Zipline ya Marekani. Ndege zilikuja na wahandisi wake, lakini ratiba ya kazi ilitegemea hospitali zetu, zinazojua ni damu ya kundi gani huhitajika, wapi na kwa haraka gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa damu inayoharibika kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67 katika vituo vilivyohudumiwa.

Busanza, wilayani Kicukiro, jijini Kigali, inatupa somo la upande wa pili. Hapo ndipo zilipojengwa nyumba za kuwapokea wakazi waliotakiwa kuhama mitaa ya Kangondo na Kibiraro, maarufu kama Bannyahe. Wengi walizikataa, wakadai fidia ya fedha, na baadhi wakafika mahakamani. Uhamisho ulikamilika mwaka 2022, lakini malalamiko kuhusu ukubwa wa nyumba yalikuwa yameshasikika miaka kadhaa kabla.

Kwa timu ya wasanifu wa nyumba kama hizo, mama anayelea watoto sita naye ni mtaalamu wa nje. Anajua maji hutumikaje, jiko likae wapi na biashara ndogo ifanyikie wapi.

Tunalishauri Jiji la Kigali liweke sharti katika kila zabuni ya nyumba au teknolojia: timu ionyeshe iliwasikiliza akina nani, na maoni yao yalibadilisha nini, kabla ya mchoro kupitishwa.