Mitambo ya kupimia maji nayo ipimwe



Natoa maoni yangu kuhusu mitambo inayochota na kupima maji karibu na migodi na viwanda.

Sisi wa Wilaya ya Tarime jambo hili linatugusa. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara, Nyamongo, yakaingia Mto Tigithe. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi huo faini ya Sh. bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi katika Mto Mara. Kamati ya wataalamu ikaeleza kuwa chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na wananchi wengi hawakuridhika. Ubishi wa namna hii haumalizwi na hotuba. Unamalizwa na vipimo ambavyo kila upande unaviamini.

Siku hizi kuna mitambo inayofanya kazi hii yenyewe. Pampu ndogo huvuta maji kwa mpira na kuyajaza katika chupa kwa zamu, usiku na mchana. Mingine hupima papo hapo na kutuma matokeo kwa mtandao wa simu. Ni jambo jema, maana mchafuzi hawezi kuvizia saa ambayo mpimaji amelala.

Lakini mtambo huo ni chombo cha umeme kilichowekwa kando ya maji, mahali ambapo watoto huchota na ng'ombe hunywa. Waya ukichubuka, au maji yakiingia ndani ya kisanduku, ni hatari kwa maisha.

Tena kuna suala la mawimbi ya redio. Kila mtu amesikia redio yake ikikwaruza mashine ya kuchomea vyuma inapowashwa jirani. Kero hiyo ndiyo iliyofanya mataifa yaunde kamati ya CISPR mwaka 1934. Mtambo wa maji unaweza kusumbua redio za wengine, na wenyewe unaweza kusumbuliwa. Kifaa cha kupimia tindikali hutoa umeme mdogo mno: hatua moja ya pH, katika joto la nyuzi 25, ni milivolti 59 tu, wakati betri moja ya tochi ina milivolti 1,500. Mlinzi akizungumza kwa redio ya upepo karibu na mtambo usiokingwa vizuri, tarakimu zinaweza kuyumba. Hapo maji safi yataitwa machafu, au, vibaya zaidi, maji machafu yataitwa safi.

Viwango vipo. Tume ya Kimataifa ya Umeme (IEC) ina kiwango namba 61010 cha usalama wa vifaa vya kupimia, na namba 61326 kinachohusu usumbufu huo wa mawimbi. Sisi tuna TBS ya kusimamia viwango, na TCRA ya kuidhinisha vyombo vinavyotumia mawasiliano.

Hapa sokoni Sirari mnunuzi anayo haki ya kuangalia kama mizani ya mwenye duka ina alama ya Wakala wa Vipimo. Ikiwa kilo ya sukari inalindwa hivyo, kwa nini maji ya kunywa yasilindwe?

Napendekeza kila mtambo wa aina hii ubandikwe cheti kwa Kiswahili, kinachoonyesha kiwango uliofaulu, tarehe uliyosahihishwa na ofisi inayowajibika. Pia mara kwa mara maji yachotwe kwa mkono mbele ya wawakilishi wa kijiji, yapelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na majibu yalinganishwe na ya mtambo. Yakitofautiana, tuelezwe sababu.

Mwenye mgodi anayefuata sheria hatapoteza kitu kwa utaratibu huu. Atapata ushahidi wa kumtetea. Na mwananchi atajua anakunywa nini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sirari, Tarime.